Kamba Isiyofunga Kitu

Kamba ya Babu ilikuwa ya katani, ndefu kiasi cha hatua kumi na mbili, na sehemu iliyokaa begani ilikuwa imelainika na kuwa nyeusi kwa jasho. Kila Jumamosi alfajiri, na siku nyingine yoyote ambayo benchi yake ya useremala haikuwa na kazi ya kuwahiwa, aliitungua kwenye msumari nyuma ya mlango, akaizungusha begani, akachukua shoka na kidumu cha maji, akashika njia. Waliokutana naye walimsalimia, wakaitazama kamba, wakaridhika. Fundi anakwenda kwenye mizinga. Au Fundi anakwenda kuangalia gogo. Hapakuwa na la kuuliza.

Nilikuwa na miaka 9 nilipoanza kufuatana naye, na ilipita misimu miwili kabla sijang'amua kwamba siku nyingi kamba ile haikufunga kitu chochote. Tulitoka nayo asubuhi, tukarudi nayo jioni, imekunjwa vilevile. Hatukuwa tumekata mti wala kurina asali. Tulikuwa tumetembea.

Mjini hilo ni jambo la kawaida. Kijijini kwetu mtu haendi porini kutembea. Anakwenda kutafuta kuni, kuchimba dawa, kufuata ng'ombe aliyepotea, kuchuma uyoga. Mtu mzima anayeingia msituni mikono mitupu na kutoka mikono mitupu ataanza kusemwa, na yatakayosemwa si mazuri. Babu aliyajua hayo vizuri. Bibi ndiye aliyenieleza, miaka mingi baadaye, akiwa anachambua mchele bila kuinua uso: "Ile kamba ilikuwa ya kuwafunga watu midomo."

Alifariki Juni 2016. Kila Juni inapofika naandika habari zake kwenye karatasi, kisha naichana. Mwaka huu sitaichana.

Kijiji chetu kiko mkoani Tabora, kusini ya Sikonge, kando ya barabara ya kwenda Ipole, ambayo enzi hizo ilikuwa ya vumbi tupu. Ukiiacha barabara na mashamba, unaingia miombo. Wataalamu wa mimea wanaliita kwa jina hilo pori lote la namna hii, kutoka kwetu hadi Zambia, Msumbiji na Angola, na jina lenyewe ni la mti tulio nao nyuma ya nyumba, myombo. Anayepita na basi mwezi Agosti haoni kitu. Anaona miti iliyopukutika, majivu ya moto wa nyasi, na mbung'o wanaoingia dirishani. Hakai kuona kinachofuata. Mwishoni mwa Septemba, kabla tone moja la mvua halijadondoka, pori linatoa majani mapya, na majani hayo si ya kijani. Ni mekundu, ya rangi ya shaba, mengine yameiva kama ngozi ya mtoto mchanga. Wiki mbili tatu pori zima linawaka hivyo chini ya jua kali, ardhi ikiwa kavu kama tofali. Sijui mahali pengine ambapo miti huvaa kabla ya kualikwa. Babu alikuwa akisimama katikati yake, kofia mkononi, hasemi neno, na mimi nilijifunza kunyamaza pamoja naye.

Kwa hesabu yetu alizaliwa mwaka 1933 au karibu na hapo. Mwaka 1947 serikali ya Waingereza ilianzisha ule mpango mkubwa wa kulima karanga Kongwa, Nachingwea na Urambo, na habari za kibarua zikafika hadi kwetu. Babu akiwa kijana wa miaka kama 15 alikwenda Urambo kwa miguu pamoja na binamu yake. Kazi waliyopewa ilikuwa kuokota mizizi nyuma ya matrekta yaliyong'oa miti.

Sikuwahi kumsikia akisimulia chochote juu ya karanga. Alisimulia mninga. Mninga ukijeruhiwa hutoa utomvu mwekundu, mwekundu wa damu hasa, unaotiririka na kuganda kwenye gome. Fundi yeyote anaujua. Lakini fundi anauona kwenye jeraha la shoka, mti mmoja kwa siku. Babu aliuona kwenye miti mamia iliyolala na mizizi juu, imesukumwa ikarundikwa, kisha ikatiwa moto. Alisema harufu yake ilikaa kwenye shati lake hata alipokwisha kulifua. Alisema pia kwamba usiku, kambini, wanaume wazima hawakutaka kuzungumza habari za ile miti. Mpango ukavunjika mwaka 1951, karanga zilikataa, na Urambo ikageuzwa kuwa nchi ya tumbaku. Babu alikuwa ameshaondoka kabla ya hapo. Alikwenda Tabora mjini na mshahara wake mfukoni, akatafuta mtu wa kumfundisha kutengeneza kitu kutokana na mti ule. Alimpata fundi mmoja Kalasinga karibu na stesheni. Miezi sita ya kwanza alifagia maranda tu, haruhusiwi hata kushika randa.

Nimewahi kuulizwa na rafiki wa mjini, mtu mzuri anayefanya kazi za mazingira, inakuwaje mtu apende msitu na wakati huohuo aishi kwa kukata miti. Wakati ule nilibabaika. Leo ningemwambia akae siku moja kwenye banda la Babu.

Banda lenyewe lilikuwa nguzo sita na bati, wazi pande tatu. Benchi, jiriwa ya chuma iliyotoka kwa yule Kalasinga, randa tatu za ukubwa tofauti, patasi zilizopungua urefu kwa kunolewa, keekee ya kuzungusha kwa mkono. Mbao zilipangwa kivulini, kila moja imetenganishwa na nyingine kwa papi ili hewa ipate pa kupita, na hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa mpaka mwaka upite. Mninga una sifa ambayo imeupa jina: ukikauka hauchezi. Mlango wake hauvimbi masika wala hauachii kiangazi, na mchwa hawauwezi. Lakini sifa hiyo ni ya kiini. Ile sehemu nyeupe ya nje, ambayo Babu aliiita nyama, huliwa na wadudu mapema, na yeye aliiondoa yote. Wateja walilalamika, maana kuiondoa kunakula mbao. Aliwajibu kwamba anayetaka kitanda cha miaka mitatu aende akanunue kwingine, na hakuwa anatania.

Alichonifundisha zaidi ni kusoma ubao. Aliumwagia maji kidogo, akaufuta kwa kiganja, nyuzi zikajitokeza. "Huu ulisimama kwenye kichuguu, tazama ulivyonenepa." "Huu ulipigwa na upepo ukiwa mdogo, ukajinyoosha baadaye." Mninga huweka duara moja kila mwaka, na mwaka wa mvua chache duara hubana. Siku moja alinionyesha maduara yaliyosongamana kama watu waliojibanza kwenye baridi, akayahesabu kutoka nje kuingia ndani kwa ncha ya patasi, kisha akarudi nayo polepole kuelekea nje. "Hii ni 1973. Hii ni 1974. Hapa ndipo tulipohamishwa."

Ni ukame wa miaka ile, na mwaka wa Operesheni Vijiji, watu walipohamishiwa kwenye vijiji vya pamoja. Mji wa baba yake ulikuwa ndani kabisa, mwendo wa asubuhi nzima kutoka barabarani. Wakaambiwa wahamie barabarani. Siasa ya jambo lile imeandikwa na wengi na sina la kuongeza. Najua tu kwamba benchi ilibebwa na wanaume wanne, wakipokezana, na kwamba Babu aliivaa jiriwa shingoni kwa kamba siku nzima kwa kuogopa isipotee. Mizinga ikabaki nyuma. Na kijiji kipya kilikuwa na nyumba nyingi zisizo na milango, kwa hiyo fundi hakukosa kazi. Milango ya mtaa wa juu ipo mpaka leo, karibu yote ni mkono wake. Ukifika, itazame bawaba zake. Alizichimbia ndani ya mbao hadi zikalingana kabisa na uso wa ubao, na miaka hamsini baadaye bado zimelingana.

Kwa mti aliokusudia kuukata alikuwa na kipimo chake. Aliukumbatia. Vidole vya mikono miwili vikikutana upande wa pili, aliuacha, hata kama kibali cha ofisi ya misitu kilikuwa mfukoni na kilimruhusu. Nilimwona akifanya hivyo mara nyingi na sikuona ajabu, nilidhani mafundi wote hufanya. Aliukumbatia, akatulia kidogo, shavu kwenye gome, kisha akaachia na kusema, "Bado, baba. Twende." Mti uliokubalika aliuzunguka mara mbili akiangalia utaangukia wapi, asije akavunja midogo.

Nisiseme tu yaliyo mazuri. Wajomba zangu walilima tumbaku, na tumbaku yetu ni ya kukaushwa kwa hewa ya joto kwenye mabani, yale mabanda ya kukaushia, na bani linakula kuni mchana na usiku kwa siku kadhaa mfululizo. Kila msimu pori lilisogea mbali kidogo. Miti ambayo Babu aliikumbatia akaiacha, mingine aliikuta imepangwa mita kwa mita pembeni ya bani la mtoto wake mwenyewe. Nilimwona siku moja ameinama kwenye rundo hilo, ameshika kipande cha mninga mchanga usiozidi unene wa paja, anakigeuzageuza. Akakirudisha mahali pake taratibu. Hakumsema mjomba. Ada yangu ya sekondari, miaka yote minne, ililipwa na tumbaku ile, na Babu alikuwepo siku fedha zilipohesabiwa mezani. Sijapata namna ya kuyatenganisha mambo haya mawili, na nimeacha kujaribu.

Mizinga yake mingi ilikuwa mbali, upande wa Ugalla, siku mbili kwa baiskeli. Pori la Akiba la Ugalla, lililotangazwa mwaka 1965, liliruhusu warina asali kuingia kwa kibali wakati wa kiangazi, na wanaume wa kwetu waliweka kambi huko kwa majuma. Walikwenda na baiskeli za Phoenix zilizofungwa madumu, unga, chumvi, na mifuko ya matobolwa na michembe. Viazi vilivyokaushwa ndicho chakula kisichomtupa mtu njiani.

Warina wengi walitumia mizinga ya magome. Unalibandua gome la myombo au la muba kwa kuzunguka shina lote, unalikunja, unalishona kwa vijiti. Ni kazi ya saa moja na ni mzinga mzuri, lakini mti uliovuliwa hivyo unakufa ukiwa umesimama. Babu hakuwahi kuutengeneza hata mmoja. Yeye alikusanya mabanzi, vile vipande vya ukingoni vinavyobaki gogo likipasuliwa, ambavyo wapasuaji waliviacha vioze, akaunda kwavyo masanduku marefu yenye mfuniko. Yalikuwa mazito na wenzake walimwonea huruma akiyabeba. Nyuki waliyakubali. Mwaka mzuri alikuwa na mizinga zaidi ya 40 iliyokaliwa, yote imening'inizwa juu ili nyegere asiifikie.

Huko ndiko kamba ilikopata kazi halali. Anayerina hupanda gizani, kwa sababu nyuki wetu wakiamshwa mchana hawana msamaha, na masega hushushwa kwenye ndoo. Mimi nilisimama chini na mwisho wa kamba mikononi, nikiupokea uzito kidogo kidogo, cheche za kienge zikidondoka pembeni yangu, na juu nikimsikia Babu akizungumza. Alizungumza na nyuki muda wote, kwa Kinyamwezi, kwa sauti ileile aliyotumia kumtuliza mteja ambaye kitanda chake kimechelewa.

Kuna siku moja ambayo nikiulizwa Babu alikuwa mtu gani ndiyo ninayoisimulia, ingawa haina tukio kubwa.

Ilikuwa Jumamosi, tumetoka kutembea, kamba begani. Mlembe akatujia. Ni ndege mdogo wa kijivu asiye na uzuri wa kutajwa, isipokuwa manyoya meupe pembeni ya mkia anayoyafunua akiruka. Anapenda nta na majana, wale watoto wa nyuki, ila hawezi kuufungua mzinga mwenyewe, kwa hiyo humtafuta mtu. Alitua karibu yetu akapiga kelele zake za haraka haraka, kama mtu anayetikisa kiberiti. Babu akapiga mluzi, akagonga shina kwa mpini wa shoka. Ndege akaruka mti wa tatu, akangoja, akaita. Tukamfuata hivyo karibu saa nzima. Tulivuka mbuga, tukapanda kwenye mawe, hadi alipotua kwenye mtundu mkubwa na kunyamaza. Kunyamaza ndiko kusema pamefika. Tukaangalia juu, tukaona mdomo wa pango mtini, na nyuki wakiingia na kutoka.

Hatukuwa na chombo wala kiberiti. Babu aliketi chini ya mti ule, akatazama nyuki kwa muda mrefu, akanionyesha walioleta chavua ya njano miguuni. Kisha tukarudi nyumbani. Njiani nilimwona hana raha. Alisimama mara mbili akageuka nyuma. Usiku hakula vizuri. Alfajiri, siku ya Jumapili, wakati watu wanajiandaa kwenda kanisani, aliniamsha. Safari hii tulibeba ndoo na moto.

Nikamuuliza kwa nini, kwani asali tulikuwa nayo tele, debe mbili zilikuwa bado hazijauzwa.

"Yule ndege amenifanyia kazi," alisema. "Nimeondoka sijamlipa."

Tulirina kidogo tu. Sega moja la asali tukala palepale. Masega mawili yenye majana aliyaweka juu ya jani pana kwenye gogo, akayapanga kwa uangalifu, la pili juu ya la kwanza, kama anavyopanga mbao. Tukakaa mbali. Mlembe alichelewa, jua lilikuwa limeshapanda sana alipokuja. Babu hakuondoka mpaka alipomwona akidonoa. Basi, akasimama, akajipangusa suruali. Nilimjua fundi huyu kwa namna alivyowalipa vibarua wake, jioni ileile, kabla hajanawa mikono. Nilielewa kwamba kule porini hakuwa mtu mwingine.

Kifua kilianza kumsumbua alipokaribia miaka 75. Vumbi la mninga ni jepesi kama unga wa poda, na linajulikana kuwasha pua na kubana kifua. Mafundi wengine hupata pumu kwa sababu yake. Kwa miaka hamsini alilivuta bila kitambaa. Hospitali ya kwanza tuliyompeleka walimweka kwenye dawa za kifua kikuu kwa miezi bila mtu yeyote kumuuliza anafanya kazi gani. Nimekaa na uchungu wa jambo hilo muda mrefu. Swali moja tu lingetosha. Aliyeuliza alikuwa daktari kijana, baadaye sana, na Babu alipomtajia kazi yake daktari aliinamisha kichwa akaandika kwa muda.

Akakatazwa msumeno na randa. Benchi akamwachia kijana aliyekuwa amemfundisha tangu akiwa na miaka 13, na yeye akahamishia kiti chake nje chini ya mwembe, upande ambao upepo haupelekei vumbi. Kutoka hapo alisikiliza. Randa ikikwaruza kidogo tu alipaza sauti: "Geuza ubao, unakwenda kinyume cha nyuzi." Hakukosea.

Miezi ile ndipo alipoanza kukaa sana na mche wake. Nyuma ya banda, mvua za mwishoni mwa mwaka 2006, alipanda mbegu kumi na mbili za mninga. Tunda la mninga ni duara, lina bawa jepesi pembeni na katikati kuna kitu kama kichaka cha miiba, na kuitoa mbegu bila kuivunja ni kazi ya mtu mwenye patasi kali na subira. Ulichipua mmoja tu. Kiangazi kilipofika ukakauka hadi chini. Majirani wakasema pole. Mvua zikarudi, ukachipua tena kwenye shina lilelile, na kiangazi ukakauka tena. Ndivyo mninga ulivyo. Mche wake hufa juu kila kiangazi kwa miaka mingi, kumi au zaidi, wakati wote huo unajenga mzizi chini, mpaka mwaka mmoja mzizi unakuwa na nguvu ya kutosha na kile kijiti hakifi tena. Kila mara ulipochipua, Babu alikata alama ndogo kwenye nguzo ya banda. Nilizihesabu mwaka 2016. Zilikuwa kumi.

Mwishoni mwa Septemba 2015 aliomba apelekwe akaone majani. Tulimpakiza kwenye bodaboda, mimi nyuma yake nikimshika. Kabla hatujaondoka alimwita Bibi amletee kamba. Mtu wa miaka zaidi ya 80, anahema kwa shida, anapelekwa kwa pikipiki, na bado akaivaa kamba begani. Bibi alimvisha mwenyewe, akamkung'uta vumbi, hakusema kitu. Tulikaa huko mpaka jua lilipoinama. Pori lilikuwa jekundu pande zote. Kulikuwa na mninga mmoja umechanua, na maua ya mninga, ya njano iliyokolea, hayakai muda mrefu, kwa hiyo tulikuwa na bahati. Mti mzima ulikuwa unavuma nyuki. Aliomba nimsogeze karibu zaidi ili asikie.

Alipofariki kulitokea ubishi juu ya jeneza. Wazee walisema fundi wa mninga lazima azikwe kwenye mninga, na mbao kavu zilikuwepo bandani, za miaka minne. Yule kijana akakataa. Ni mkimya, na sijawahi kumwona amesimama mbele ya wazee vile. Alisema Babu alimwonya mara nyingi: mninga si wa kuzika. Ni mbao ya kutumiwa na walio hai, ardhini inakaa bila kuoza, inamzuilia mtu. Akatengeneza jeneza kwa mbao za paini, zile za mashambani zinazoletwa kwa lori kutoka Mufindi, nyeupe, laini, za bei ya chini. Baadhi ya watu walinung'unika hadi makaburini. Mimi nilipitisha kidole kwenye maungio ya jeneza lile usiku ule, kwenye mwanga wa chemli, na sikuona mahali pa kuingiza ukucha.

Kamba Bibi anafungia mbuzi. Nilipomwomba nikae nayo mimi alinishangaa. "Utafungia nini huko Dodoma?"

Mwaka 2019 Ugalla ikapandishwa kuwa Hifadhi ya Taifa, na wanaume wa kwetu hawaingii tena huko na mizinga. Masanduku ya mabanzi yaliyobaki, kama bado yananing'inia, yana nyuki wasiorinwa na mtu. Wenzake wengine wamelia kwa hilo, na nawaelewa, maana ni riziki. Mwenyewe nafikiri Babu angeumia kwa wiki kadhaa kisha angeanza kuuliza habari za wale nyuki.

Mche nao. Siku ya msiba vijana walikuja kufyeka uwanja ili waombolezaji wapate pa kukaa, wakafyeka na nyuma ya banda. Nilipokwenda kuutazama palikuwa ardhi safi imefagiliwa. Nilikasirika mbele za watu, jambo ambalo halifanywi msibani, na Bibi alinishika mkono akanirudisha ndani. "Umeshakufa mara kumi," alisema. "Na hii ihesabu."

Desemba mvua zilipokolea yule kijana alinitumia picha kwa simu. Majani mawili, na kando yake nguzo yenye alama mpya ya kumi na moja, imekatwa safi. Ameendelea kuzikata. Krismasi iliyopita nilipokwenda niliupima kwa futi ya Babu yenyewe, ile ya kukunja: sentimita 94, kijiti kinene kuliko kidole gumba.

Wiki iliyopita alinipigia. Majani yote yamedondoka, kama kawaida ya Juni. Lakini alipokwangua ganda kidogo kwa ukucha, karibu na ncha kabisa, chini yake ni kibichi. Atakwangua tena Agosti.